Kipimamvua Nyuma ya Jiko

Ofisi Kuu ya Hali ya Hewa, ghorofa ya tatu
Jumatatu, 3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na magoti yako. Mimi sijambo, ila usingizi umenipungua.

Kila siku saa tatu asubuhi nakusikia kwenye redio ukitusomea mvua ya kituo chako, na vituo vingine tisa navyo vinakusikia. Ndiyo maana mambo ya nyumbani hatuyasemi pale. Na kwa kuwa huko juu simu haishiki, tumebaki na kalamu na dereva wa gari la vifaa, kama ulivyotulea.

Nina habari. Ule mtambo wa tahadhari ya mafuriko niliokuwa nikikueleza umekubaliwa, na utaanza kazi tarehe mosi Aprili. Rada mpya, iliyokuwa kwenye majaribio tangu mwaka juzi, inatazama mawingu ya bonde lote kila baada ya dakika kumi. Kompyuta inakadiria mvua iliyoanguka kila upande wa mlima, halafu inatuambia mto utapanda kiasi gani pale darajani, na saa ngapi. Ikiona hatari, vipaza sauti vinalia mtaa wa chini wote. Zamani tulikuwa tunawatangazia watu mafuriko wakati viatu vyao vimeshaanza kuelea. Sasa tutawapa saa sita nzima.

Lakini rada haipimi mvua, baba. Inarusha mawimbi, inasikiliza yanavyorudi, kisha inakisia. Ili ikisie vizuri, lazima tuilinganishe na mtu mwenye chombo kilichosimama ardhini. Juu ya mto ule mtu huyo ni mmoja tu, na ni wewe.

Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Kwenye mvua za kawaida wewe na rada mnaelewana vizuri. Kwenye mvua kubwa mnagombana. Novemba ya mwaka juzi rada ilisema milimita 124, wewe ukasoma 61. Aprili mwaka jana rada 98, wewe 50. Imetokea mara kumi na moja. Juzi mtaalamu wa rada akasema mbele ya mkurugenzi kwamba huenda kasoro iko kwenye kipimamvua chako. Nilisimama, baba. Niliwaambia chombo hicho nakijua tangu sijaanza shule, kimesimama uwanja wazi juu ya kilima, hakuna mti wala ukuta karibu yake, na mwenye kukisoma hajaruka siku hata moja kwa miaka ishirini na tisa. Nikasema anayekosea ni rada.

Sasa nakuomba kitu kidogo. Niandikie mistari miwili ya kuthibitisha kwamba chombo kiko mahali pake na hakijaguswa, niiweke kwenye faili. Ni utaratibu tu.

Sikufichi, naogopa. Mdogo wangu na watoto wake pacha wanakaa mtaa wa chini, na ukifungua mlango wao wa nyuma unauona mto. Mtambo huu ukikosea, utakuwa umewakosea wao.

Mwanao mkubwa

*

Kituo cha mlimani
Alhamisi, 6 Machi

Mwanangu,

Marahaba, mama. Barua nimeipata. Dereva amekaa jikoni anakunywa chai yangu ya pili na kila nikiinua kichwa ananionyesha saa yake, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Hongera sana. Mtoto wa mpima ndoo amepewa mtambo wa kuchungulia mawingu. Marehemu mama yako angecheka mpaka akae chini.

Chombo ni kizima. Hakina ufa wala kutu, na leo asubuhi nimekisugua mwenyewe kikang'aa. Nadhani hiyo ndiyo mistari miwili uliyoitaka.

Niliposoma barua yako nilijiuliza swali la kizee. Hivi kituo kimoja kikiwa kinakosea kidogo, huo mtambo wenu unaweza kugundua? Nauliza kwa mfano tu. Sisi tuliofundishwa kwa karatasi na penseli tunapenda kujua mambo yenu yanavyokwenda.

Na huyo mtaalamu wa rada usimnunie. Mtu anayeuliza si adui yako.

Magoti ni yale yale. Nimezeeka nayo, nitazikwa nayo. Dereva ameshawasha gari.

Baba yako

*

Ofisi Kuu
Jumatatu, 10 Machi

Baba,

Shikamoo. Ahsante kwa barua, na pole kwa kero za dereva. Nimecheka peke yangu hadi jirani yangu wa meza akaniuliza kuna nini.

Uliandika kwamba chombo ni kizima, lakini mahali hukupataja. Nikajua dereva alikuwa anakusumbua, basi fomu nimeijaza mwenyewe: "Mahali: pale pale pa siku zote." Nimetia sahihi na mkurugenzi ametia yake.

Swali lako si la kizee hata kidogo. Jibu ni kwamba mtambo hauwezi kugundua. Upande ule unakuamini wewe tu. Ukisoma nusu, nao utaamini nusu. Ndiyo maana tumeupa maagizo mawili. La kwanza, rada ikiona mvua kubwa juu ya mlima wako, kompyuta inaigawa kwa mbili, maana miaka yote miwili namba zako zimekuwa nusu ya zake. La pili, kituo chochote kikileta namba iliyo mbali sana na hesabu ya mtambo, namba hiyo inatiwa alama nyekundu na kuwekwa kando mpaka fundi aende kukagua. Kwa hiyo usihangaike. Hata ukipitiwa siku moja ukasoma vibaya, mtambo hautakufuata.

Tafadhali niandikie Alhamisi. Nataka kusikia sauti yako isiyosoma namba.

Mwanao

*

Mtaa wa chini
Jumapili, 30 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Unashangaa naandika wakati simu ipo. Nyumba hizi zetu zimegawanywa na ukuta wa mbao, na jirani yangu Mama Cherehani anasikia kila kitu. Nikipiga chafya ananiambia "pole" kutoka kwake. Simsengenyi, bila yeye nisingeweza kwenda kazini. Ndiye anayenishikia pacha mchana, anashona kwa mguu mmoja kwa sababu ule mwingine haukunjiki, na bado anawakimbiza. Lakini kuna mambo sitaki ayasikie.

Vipaza sauti vyenu wamevifunga kwenye nguzo ya dukani. Ijumaa walivijaribu. Pacha waliingia chini ya kitanda na Mama Cherehani akatoka na sindano mdomoni akiuliza nani amefariki. Tukamwambia ni dada yangu, si kwamba amefariki, ni yeye anayepiga. Tangu siku hiyo mtaa mzima unaniita Mama Tahadhari, na wananiuliza mimi kama waanike nguo.

Dada, ulikwenda lini mara ya mwisho kwa baba? Mimi nilipanda na pacha Desemba ya mwaka juzi. Baba amechoka. Kile kilima kinamshinda, yeye hawezi kusema na wewe huwezi kuuliza. Ukipata nafasi hata ya siku moja, nenda ukakae naye, umwangalie anavyofanya kazi yake. Sina zaidi ya hapo.

Na swali moja. Ukiwa na wasiwasi hata kidogo, utaniambia mapema? Naulizia watoto.

Mdogo wako

*

Ofisi Kuu
Alhamisi, 3 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imeniudhi kidogo, nakuambia ukweli.

Baba amezeeka, nani asiyejua? Lakini leo saa tatu kamili nimemsikia redioni, sauti haitetemeki. Wenzangu hapa wananitazama kwa jicho la pembeni kwa sababu nilimtetea, na sasa wewe wa tumbo moja unaniandikia mafumbo. Kama una jambo, liseme. Kama huna, tusimpunguzie mzee heshima yake.

Wewe na uoga mmezaliwa siku moja. Ulikuwa unaogopa hata kivuli cha kanga ya mama kwenye kamba. Mpaka king'ora kilie, kaeni majumbani kwenu na mfanye kazi zenu. Mwambie hivyo Mama Cherehani na mtaa wote. Mto ule nauangalia mimi, na mvua yake anaipima baba.

Wabusu pacha.

Dada yako

*

Kituo cha mlimani
Alhamisi, 17 Aprili, saa nne asubuhi

Mwanangu,

Nilikuwa na barua yako ya tarehe kumi mezani, kisha ukaleta nyingine tatu, na zote sikuzijibu. Dereva amenifuata Alhamisi tano na kuondoka mikono mitupu. Alidhani naumwa. Leo namsubiri kuliko yeye anavyonisubiri mimi.

Unakumbuka kanuni niliyowafundisha mkiwa wadogo, kwamba chombo kikae mbali na ukuta, angalau mara mbili ya kimo cha ukuta wenyewe? Mlikuwa mnaipima kwa kulala chali kwenye majani na kuhesabu vimo vyenu. Mimi niliyewafundisha nimeivunja kwa miaka sita.

Mlipoondoka nyumbani magoti yalianza. Siku ambazo sikuweza kupanda kile kilima, mama yenu alikuwa anapanda, anasoma, anashuka ananitajia namba mlangoni, na mimi naisoma redioni. Hamkujua, na ofisi haikujua. Alipotutoka nikaendelea peke yangu. Msimu wa mvua uliofuata niliteleza juu kule, nikalala kwenye matope kuanzia saa tatu hadi adhuhuri, siwezi kuinuka wala hakuna wa kumwita. Wiki ile ile nilikishusha chombo nikakisimika nyuma ya jiko, hatua nne kutoka mlangoni. Nikasema ni kwa msimu mmoja.

Mvua inayodondoka wima haina shida, hapo chombo kilisema kweli, ndiyo maana mlipatana nami. Lakini mvua kubwa za mlima huu huja na upepo kutoka bondeni, zinakuja kwa ubavu. Ukuta wa jiko unakinga. Nusu inaingia kwenye chombo, nusu inaishia ukutani. Nililijua hilo tangu mwaka wa kwanza. Nikajipa moyo kwamba namba zangu zinaishia kabatini kwenu. Mkaguzi mwenyewe hajapanda huku miaka saba, anatia sahihi akiwa mezani kwake.

Barua yako ya kwanza ilipofika niliisoma mara tatu. Ya pili iliponiambia mnaigawa rada kwa mbili, nilipika chakula na sikuweza kukila. Nikafanya ujinga mwingine. Nilikichukua chombo nikakirudisha juu ya kilima, kwa siku nzima, napumzika kila hatua kumi. Niliporudi chini nilikuwa na furaha. Nikajiambia nimerekebisha, yameisha, na hakuna atakayejua.

Mvua ilianza Jumatatu. Jumanne nilisoma 88, mtu wenu wa zamu akaniambia, "Mzee, rudia." Nikarudia. Jana nilisoma 97, akaniambia kompyuta imenitia alama nyekundu. Leo nimesoma 131 kwa kipimo cha haki, kwa macho yangu, na akanijibu kwamba ameandika "chombo kibovu", fundi atapanda barabara ikikauka. Miaka sita nimewadanganya mkanikubalia. Wiki hii nasema kweli na mnaniweka kando.

Rada yenu haikukosea, mama. Aliyekosea ni mimi. Ondoa huo mgawanyo leo hii, ukimaliza kusoma mstari huu.

Saa kumi alasiri. Dereva hajafika.

Ijumaa, 18 Aprili. 119. Nimetazama kwa darubini, barabara imekatika pale kwenye kona ya pili, kipande chote kimeteremka. Hakuna gari litakalopanda wiki hii wala ijayo. Leo redioni nilikibonyeza kile kitufe nikiwa nimeshapanga maneno. Nikasoma namba, nikasema "mwisho", nikaachia. Kuna vituo tisa vinasikiliza, na wapimaji sita kati yao nimewafundisha mimi kazi hii. Na wewe uko pale. Nimeogopa, mwanangu. Mto sikuuogopa. Niliogopa ukimya utakaokuja nikishamaliza kusema.

Jumamosi, 19 Aprili, saa mbili na nusu asubuhi. Nimepanda mapema kwa magongo mawili. Chombo kimejaa mpaka kinamwagika, sijui tena ni ngapi. Nasikia mto kutoka hapa, na haujawahi kusikika kutoka hapa.

Barua hii haitakufikia kwa wakati. Naenda kwenye redio. Utayasikia haya mbele ya wenzako wakikutazama usoni. Nisamehe hilo kwanza, mengine utayaona baadaye.

Baba yako

*

Ofisi Kuu
Alhamisi, 24 Aprili

Baba,

Barua yako nimeipata jana, ameishusha mpita njia aliyeteremka mlima kwa miguu. Hii yangu inaletwa na mafundi wanaopanda kwa miguu. Wamesema ni siku mbili. Wamebeba dawa zako za magoti, na wanaleta pia barua ya kukusimamisha kazi. Nimeona bora usome yangu kwanza.

Nilikuwa zamu. Ulisema kwa sauti ile ile ya kusoma namba. Nimeyaandika kwenye daftari la zamu kama yalivyotoka: "Kipimamvua changu kilikaa nyuma ya ukuta wa jiko kwa miaka sita. Mvua kubwa zote nilizowasomea kabla ya wiki hii ni nusu ya zilizonyesha. Ondoeni mgawanyo, watoeni watu bondeni." Halafu ukasema "mwisho", kama kawaida.

Ulikuwa na haki ya kuuogopa ukimya ule. Hakuna kituo kilichosema neno. Mkurugenzi aliingia, akaniuliza, "Mtu amekiri kwamba amedanganya miaka sita. Leo unamwamini?" Nikatikisa kichwa kukubali. Mtaalamu wa rada, yule niliyemfedhehesha, alivuta kiti akakaa karibu nami, akaweka mkono wake juu ya wangu kwenye kibodi, tukaufuta mgawanyo pamoja. Kompyuta ilichukua dakika nne. Ikaandika kwamba mto utapita juu ya daraja kwa mita tatu, saa kumi jioni. King'ora kililia saa tatu na dakika ishirini na sita.

Maji yalifika saa tisa, saa nzima kabla ya hesabu yetu. Safu tatu za nyumba hazipo tena. Watu zaidi ya elfu tatu walikuwa wameshapanda shule ya juu na vyerehani vyao, na magodoro, na kuku.

Nilimpigia mdogo wangu tangu saa tatu na nusu. Simu haikupatikana. Nilipiga mara sabini na mbili, baba, simu imehesabu yenyewe. Kwa saa saba nilijua kwamba nimeua watoto wa mdogo wangu kwa kalamu, kwa sababu mahali ulipoacha wazi nilipajaza mimi, na sahihi ni yangu, na zile alama nyekundu za wiki ile niliziamini kuliko wewe. Ile barua niliyomwandikia kwamba wakae majumbani ilikuwa inajirudia kichwani neno kwa neno.

Jioni shemeji akapiga. Wako kwao, mtaa wa juu, wazima wote wanne. Wamekuwa kule tangu Alhamisi, na simu ya mdogo wangu ilikuwa imeisha chaji. Nilikwenda usiku huo huo. Nilimkumbatia nikamuuliza alijuaje. Akanigeuzia uso akaanza kukunja nguo za pacha ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Amekufa mtu mmoja. Ni yule jirani yake, Mama Cherehani. Wanamgambo wanasema walimfikia na wakati bado upo. Walimletea mkokoteni mpaka mlangoni kwa sababu ya mguu wake, lakini alikataa kutoka, na kwa nini alikataa bado sijaelezwa. Walikwenda kuchukua wengine, waliporudi hawakuweza tena kupita.

Sijui nikuandikie nini, baba. Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Halafu nakuona umelala kwenye matope, peke yako, mpaka adhuhuri, na nashindwa kumaliza hiyo hasira. Kwa nini hukuniambia magoti yamekushinda? Ningepanda mwenyewe. Lakini najijibu kwamba nisingepanda. Nilikuwa nakusikia kila asubuhi, na nilidhani hiyo inatosha.

Bado naogopa. Kila nikiona namba ya kituo chochote najiuliza nani yuko nyuma yake na nini kinamuuma. Mvua ikigonga dirisha la ofisi nasimama.

Kunywa dawa. Usipande tena kile kilima.

Mwanao

*

Mtaa wa juu, kwa wakwe
Jumatano, 30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Umeniuliza mara nne nilijuaje, na mara nne nimekukimbia. Nitakuandikia, kwa sababu usoni siwezi.

Nilijua. Ile Desemba niliyokwenda kwa baba, mpira wa pacha uliingia nyuma ya jiko. Niliufuata, nikakikuta chombo kimesimama pale ukutani, karibu na ndoo ya kuoshea vyombo. Niligeuka, baba yuko mlangoni ananitazama. Hakuniomba kitu wala hakunidanganya. Aliniambia tu, "Mama, chai inapoa." Nikaingia nikanywa chai. Tangu siku hiyo kila mvua kubwa nilikuwa nafunga mzigo, naufungua ikipita. Mume wangu alidhani nina wazimu wa mvua.

Nilitaka kukuambia. Niliandika ile barua mara tatu, na kila mara nililitoa lile neno lenyewe. Ningelisema ningemvua baba nguo. Ungeambiwa ulisimama kumtetea mwongo. Uliponijibu kwa ukali, nilipata ahueni, dada. Nikasema basi, nimejaribu.

Barua yako nilimsomea Mama Cherehani. Alifurahi sana. Alisema ni vizuri kuwa na ndugu mwenye elimu.

Alhamisi ile asubuhi mto ulikuwa umebadilika rangi. King'ora kimya. Nikajua ni kwa nini kimya, na katika mtaa ule ni mimi peke yangu niliyejua. Nilikusanya nguo, vyungu viwili, na watoto. Nikamkuta amekaa kizingitini kwake anapinda gauni la mtu. Akaniuliza naenda wapi na mvua hii. Ningemwambia "ondoka", angeniuliza kwa nini, wakati dada yangu mwenyewe ameandika tukae. Ningelazimika kumtaja baba. Na pale dirishani kwake walikuwepo wateja wawili.

Nikamwambia mama mkwe anaumwa, tunakwenda kumwangalia siku tatu tu. Alianza kuviangalia vile vyungu vyangu. Nikaogopa amenishtukia. Ili aone ni safari ya kawaida, nilivua ufunguo wa nyumba nikampa. Nikamwambia, "Nitunzie nyumba yangu, shoga, Jumapili narudi."

Leo nimekwenda kumwona yule mwanamgambo aliyempelekea mkokoteni. Nilimwambia mimi ni jirani tu, nataka kujua. Anasema alimkuta amehamisha kiti chake, amekaa mlangoni kwangu, ufunguo ameufunga shingoni kwa uzi wa cherehani. King'ora kinalia juu ya kichwa chake. Alipomwambia apande, alicheka. Alimjibu, "Nimeachiwa nyumba ya watu, siwezi kuiacha. Na mwenyewe dada yake ndiye anayepiga hicho king'ora. Kungekuwa na jambo la kweli, yule binti asingeondoka bila kuniambia."

Mdogo wako